Kushusha besi ya nyuzi nne: kuanzia nusu toni mpaka B

Jumamosi jioni, mazoezi ya kwaya, Mwanga hapa Kigoma. Wimbo uko E. Kila tukifika kwenye kiitikio sauti ya kwanza inapanda mpaka mishipa ya shingo inawatoka, na mwalimu anasimamisha. "Kaka, tushushie mbili." Mpiga kinanda anabonyeza kitufe cha transipozi mara mbili, basi, kazi yake imekwisha. Vidole vyake vinabaki pale pale. Mpiga besi ndiye anayeachwa na shida. Doh yake, noti ya nyumbani ya wimbo, ilikuwa uzi wa E ukiwa wazi (bila kukandamizwa), noti ya chini kabisa kwenye gitaa lake. Sasa doh ni D, na D hiyo ya chini haipo. Inabidi akimbilie D ya juu, freti ya 5 (kichuma cha tano shingoni) ya uzi wa A, na wimbo uliokuwa umesimama sakafuni unaanza kuelea.

Mwongozo huu nimemwandikia mpiga besi huyo. Nimeshusha besi kwa sababu za kila aina, kwenye kwaya na kwenye harusi, na sababu ninayoiheshimu ni moja: koo la mwimbaji. Wengine wanashusha ili besi itishe. Ruhusa wanayo, ila wakumbuke kwamba noti ya chini ambayo spika haiwezi kuitoa haimtishi mtu yeyote.

Kwanza jua unashuka umbali gani

Besi ya kawaida imetyuniwa E, A, D, G kuanzia uzi mnene. E inatetema mara 41 hivi kwa sekunde, A mara 55, D mara 73, G mara 98. Sehemu ya uzi inayotetema, kwenye besi nyingi tangu ile aliyoitoa Leo Fender mwaka 1951, ina urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86 na kidogo. Urefu huo haubadiliki unapolegeza. Kinachopungua ni mvuto wa uzi, nao unapungua haraka kuliko noti inavyoshuka.

Ukishuka nusu toni, yaani hatua ya freti moja, uzi unapoteza asilimia 11 ya mvuto wake. Toni nzima, karibu asilimia 21. Toni mbili, mpaka C, asilimia 37. Ukiuteremsha uzi wa E mpaka B, asilimia 44 imekwenda. Kwa lugha ya mzigo: uzi wa E wa unene wa 105 (elfu za inchi) unavutwa kwa takribani kilo 18, huo huo ukiwa B unabaki na kilo 10. Ushike kwa kidole utauona. Unacheza kama kamba ya kuanikia nguo, unapiga freti kila ukiugusa, na noti inaanza juu kidogo ndipo inashuka mahali pake, kwa hiyo hata tyuna, kifaa cha kupimia noti, haijui ikuambie nini.

Kwa hiyo msimamo wangu uko hivi. Nusu toni au toni nzima, tumia nyuzi ulizo nazo. Chini ya hapo, badili nyuzi kwanza, ndipo ushuke. Wapo wanaofika C na nyuzi za kawaida na kujisifu. Nimewasikia, na noti zao sijazisikia.

Na kama ni wimbo mmoja tu katika ibada nzima, umeshushwa nusu toni, usiguse gitaa. Hamisha mkono freti moja nyuma na uvumilie kukosa nyuzi za wazi kwa dakika tano. Kutyuni upya katikati ya ibada, watu wakisubiri, kunaleta makosa kuliko kunavyosaidia. Shusha gitaa pale ambapo nyimbo nyingi zinashuka, au pale ambapo noti unayoihitaji haipo kabisa, kama ile D.

Kushusha uzi mmoja: D, A, D, G

Hii ndiyo njia ya kuanza nayo, na kwa wapiga besi wengi wa kwaya inatosha maisha yote. Nyuzi tatu zinabaki zilivyo, uzi mnene peke yake unatoka E kwenda D.

Chomeka waya, funga sauti ya amplifaya, fungua tyuna. Kama unatumia programu ya simu, angalia kwanza kama imeandikwa A = 440, yaani A ya kupimia inatetema mara 440 kwa sekunde, kwa sababu vinanda vyetu viko hapo. Niliwahi kuazima simu ya mtu ambayo programu yake ilikuwa imewekwa 432. Gitaa zima lilikuwa sahihi kwenye kioo na ovyo mbele ya kinanda, na ilituchukua nusu saa kujua mchawi ni nani.

Legeza uzi wa E taratibu mpaka upite D kidogo kwa chini, kisha panda mpaka D. Daima malizia kwa kupanda. Ufunguo wa kichwani una meno ndani, na meno hayo yana nafasi kidogo. Ukimalizia kwa kushuka nafasi hiyo inabaki, na uzi utaendelea kuteleza baada ya mapigo machache. Kisha shika uzi karibu na freti ya 12, uvute kwa upole mbali na ubao mara tatu, utyuni tena.

Kuhakikisha kwa sikio: gusa uzi mnene juu kabisa ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, uachie. Sauti nyembamba inayotoka ni D ile ile ya uzi wa D ukiwa wazi. Zipige zote mbili pamoja. Zikipishana utasikia wimbi, wou-wou-wou, linalokwenda polepole kadiri unavyokaribia. Wimbi likitulia kabisa, umefika. Nawasihi wanaojifunza wazoee njia hii kuliko kioo cha tyuna, maana umeme ukikatika na simu ikiwa imezima chaji, sikio lipo.

Sasa mkono. Kila noti ya uzi huo imesogea freti mbili kuelekea mwilini. E iko freti ya 2, F ya 3, G ya 5, A ya 7. G ndiyo inayowaangusha watu, kwa sababu kidole kimezoea freti ya 3 miaka yote na kinakwenda chenyewe. Kaa na uzi huo mmoja siku mbili, piga skeli ya G na ya D huku ukitaja noti kwa mdomo. Faida moja ipo wazi: noti yoyote uliyoshika kwenye uzi mnene, oktavu yake, noti ya jina hilo hilo juu yake, iko freti ile ile kwenye uzi wa D. Kwa nyimbo za D na G utajiuliza ulikuwa unaishije.

Kushusha nyuzi zote nusu toni au toni

Nusu toni inakupa E flati, A flati, D flati, G flati. Tyuna nyingi zitaandika D#, G#, C#, F#. Ni noti zile zile, usibabaike. Toni nzima inakupa D, G, C, F.

Uzuri wake ni kwamba nyuzi zinabaki katika mpangilio wake, kwa hiyo vidole havijifunzi kitu kipya. Mpiga kinanda akishusha transipozi moja na wewe umeshusha nusu toni, mnaendelea kuongea lugha moja: akisema "twende G", wewe unashika freti ya 3 kama kawaida. Shida inakuja akija mgeni. Kwaya jirani inapanda jukwaani, mpiga solo wao yuko kwenye tyuni ya kawaida, anasema G, wewe unashika G ya zamani na inatoka F#. Mwambie mapema.

Kutyuni kwenyewe: anza na uzi mnene, malizia na mwembamba, kisha rudi mwanzo. Raundi ya kwanza haitoshi hata siku moja. Nyuzi nne za kawaida zinaivuta shingo kwa jumla ya kilo 80 hivi. Ukiondoa sehemu ya mzigo huo shingo inajinyoosha kidogo, na uzi wa kwanza uliomaliza kuutyuni unakuwa umesogea tayari. Zunguka mara tatu au nne. Kisha liache gitaa lilale usiku mzima na utyuni tena asubuhi.

Kwenda B: nyuzi nyingine kabisa

Hapa gitaa linakuwa B, E, A, D. Ni besi ya nyuzi tano iliyoondolewa uzi mwembamba wa G. B inatetema mara 31 kwa sekunde. Wanaopenda seben, ile sehemu ya kuchezeka ya rumba, watauliza G imekwenda wapi, na swali ni la haki: zile noti za juu sasa utazitafuta kwenye uzi wa D, freti ya 5 na kuendelea. Ukipiga zaidi rumba na nyimbo za kukimbia, fikiri mara mbili. Ukipiga zaidi nyimbo za kuabudu za polepole, utaifurahia.

Jambo la kuamua kabla ya fedha: gitaa ni la nani? Makanisa mengi besi ni moja na kwaya ni tatu. Ukiweka nyuzi hizi na kuchonga mifereji zinamopita kichwani, vijana wa kwaya nyingine watakuta gitaa wasilolijua. Kaeni mkubaliane kwanza, au fanya hivi kwenye gitaa lako mwenyewe.

Nunua seti ya nyuzi tano, ya skeli ndefu, inayofaa inchi 34. Ndani utakuta mfano 45, 65, 85, 105 na 130. Uzi wa 45 uweke akiba. Wa 130 unakuwa B, 105 E, 85 A, 65 D. Kila uzi unakaa kwenye noti iliyotengenezewa, ndiyo maana mvuto unabaki wa kawaida na noti inatulia. Kigoma tunaagiza kutoka Dar es Salaam, na mzigo ukishapakiwa kurudisha ni kazi, kwa hiyo mwombe anayekununulia afungue pakiti dukani na akutumie picha. Uzi wa B hauhitaji kipimo. Unaonekana mnene kuliko wenzake wote.

Badili uzi mmoja mmoja, usizivue zote kwa pamoja. Ukifika kwenye kukata urefu uliozidi, kunja uzi kwanza kwa pembe ya mraba mahali utakapoingia kwenye tundu la ufunguo, kisha ndipo ukate mbele ya mkunjo, ukiacha urefu wa kuzunguka mara mbili au tatu. Uzi wa besi ni waya wa kati uliozungushiwa waya mwingine. Ukiukata ukiwa umenyooka, ule wa nje unaweza kuteleza juu ya ule wa kati, na sauti inakufa. Nilipoteza hivyo uzi mpya wa A, haujamaliza hata wiki mbili, na uzi mmoja mmoja mjini hapa hauuzwi. Mizunguko iteremke kuelekea chini ya ufunguo ili uzi ukandamizwe vizuri kichwani.

Halafu ile mifereji minne ya kichwani ambamo nyuzi zinapita. Mfereji wa E ulichongwa kwa uzi wa 105. Wa 130 utakaa juu yake kama gogo juu ya mtaro, na noti za freti ya 1 na ya 2 zitatoka juu kuliko inavyotakiwa. Usiusukume kwa nguvu, kipande chenye mifereji hiyo kinapasuka. Kata kipande kifupi cha uzi mnene wa zamani, kizungushie msasa laini, chonga kidogo, jaribu, chonga tena. Unapanua kuta. Sakafu ya mfereji karibu usiiguse. Ukipitiliza chini, uzi wazi utapiga freti ya kwanza na dawa ni kununua kipande kipya. Kama mkono wako si mwepesi, mpe fundi seremala anayetengeneza vitu vidogo, ukae naye hapo hapo.

Tyuna nyingi haziisikii B vizuri. Tumia sauti ile nyembamba ya freti ya 12. Inatetema mara mbili zaidi na tyuna itaikamata.

Shingo, kimo cha nyuzi, na freti ya 12

Hii ndiyo sehemu watu wanairuka, kisha wanalaumu gitaa.

Ndani ya shingo kuna chuma kinachopingana na mvuto wa nyuzi. Ukishusha kwa nyuzi zile zile, nyuzi zimelegea na chuma hakijui. Shingo inanyooka mno au kurudi nyuma, na nyuzi zinakwaruza freti za mwanzo. Pima hivi. Gitaa likiwa limetyuniwa na umelishika kama unapiga, kandamiza uzi mnene freti ya 1 kwa kidole kimoja na pale shingo inapokutana na mwili kwa kidole kingine. Mwombe mwenzako aangalie nafasi kati ya uzi na freti ya 7. Inatakiwa ipite kadi ya vocha ya kukwangua, ikigusa kidogo. Ni kama theluthi moja ya milimita. Hakuna nafasi kabisa? Shingo imenyooka mno. Kadi ya NIDA, kitambulisho cha taifa, inapita bila kugusa? Imepinda mno.

Ikiwa imenyooka mno, ingiza elenki au spana inayoenea vizuri kwenye tundu la chuma cha shingo, na ulegeze kwa kuzungusha kushoto, robo mzunguko. Robo tu. Tyuni tena, subiri mpaka kesho, pima. Ikiwa imepinda, kulia, robo vilevile. Kikikataa kuzunguka, acha. Chuma kikikatika ndani, shingo nzima imekwenda. Na usishangae kipimo kikibadilika kati ya kiangazi na mvua. Mbao inakunywa unyevu, na sisi tunaishi kando ya ziwa.

Shingo ikikaa sawa, pima kimo cha uzi mnene juu ya freti ya 12. Kadi tatu za NIDA zikiwa zimebanana, yaani milimita 2 na kidogo, ni pa kuanzia pazuri. Uzi ulioshushwa unatetema kwa upana zaidi, kwa hiyo unahitaji nafasi kuliko mwanzo. Ukiendelea kugonga freti, panda kidogo kwa zile skrubu ndogo za kikalio chake kwenye bridji, pale nyuzi zinapofungwa mwilini.

Mwisho wa ufundi: piga sauti nyembamba ya freti ya 12, uisome kwenye tyuna, kisha kandamiza freti hiyo hiyo na upige. Zinatakiwa kuwa noti moja. Ile ya kukandamiza ikiwa juu, uzi ni mfupi mno; legeza uzi, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo, tyuni na upime tena. Ikiwa chini, kilete mbele. Uzi wa B utataka kikalio kirudi nyuma kuliko vyote. Kikigonga mwisho, ondoa ile springi ndogo ya nyuma yake na utapata milimita chache zaidi.

Mkono na spika

Uzi uliolegea haupendi nguvu. Punguza mkono wa kulia, ongeza sauti kwenye amplifaya, na usogeze vidole kuelekea bridji ambako uzi ni mgumu zaidi. Noti itatoka na umbo.

Spika za kanisani mara nyingi haziitoi D ya chini, sembuse B. Msikilizaji anaifahamu noti kwa zile sauti za juu zinazozaliwa pamoja nayo. Kwa hiyo usifungue kitasa cha besi mpaka mwisho. Utaichosha spika na kupata mngurumo usio na noti. Kipunguze, uongeze cha kati. Kwenye miksa kuna kitufe cha kukata besi kwenye kila chaneli, kinachokata chini ya mitetemo 75 mpaka 100 hivi. Spika zikiwa kubwa, za inchi 15 au 18, hakikisha kimeachiwa. Zikiwa ndogo, kibonyeze, spika zitapumua na noti bado itasikika.

Kisha zungumza na mpiga kinanda. Mkono wake wa kushoto ukikaa kwenye oktavu zile zile unazoshukia wewe, hakuna fundi mitambo atakayewatenganisha. Mimi namwambia hivi: "Ndugu yangu, nyimbo hizi tatu niachie huko chini, wewe anzia katikati." Wengi wanakubali wakishasikia tofauti mara moja kwenye mazoezi.

Ukimaliza, chukua gundi ya karatasi, ile ya utepe, iandike noti zilizopo, D A D G au B E A D, na uibandike nyuma ya kichwa cha gitaa. Jumapili asubuhi anayelichukua kabla yako atajua alichoshika, na akilirudisha kwenye E atabandika yake.